Kukarabati penthausi Nairobi kwa ajili ya sanaa, vitu vya kale na mandhari: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na watu wenye nyumba za ghorofa ya juu kabisa, Kilimani, Kileleshwa, Westlands, Riverside au Upper Hill, walio na picha, vinyago, makasha na mazulia waliyokusanya kwa miaka mingi na wanataka viishi pamoja na dirisha kubwa linaloutazama mji. Inawezekana kabisa. Tatizo ni kwamba mwanga ule ule unaoifanya nyumba ipendeze ndio unaoharibu vilivyomo ndani, na jambo hilo linafaa kuamuliwa kabla nyundo haijagusa ukuta.

Nianze na msanifu majengo, kontrakta au vitu vyangu?

Anza na vitu vyako. Kabla ya mchoro wowote, andika orodha ya kila kitu: urefu, upana, uzito, kimetengenezwa kwa nini, na kinadhuriwa na nini. Orodha hiyo ndiyo itakayomwambia msanifu ukuta upi usiguswe, fundi wa stima apitishe waya wapi, na fundi wa gipsamu atie mbao wapi nyuma ya ukuta. Wengi hufanya kinyume. Wanabomoa kuta zote ili nyumba iwe wazi, wanaweka vioo kutoka sakafuni hadi darini, halafu siku ya kuhamia picha ya mita mbili na nusu inakosa ukuta wa kuipokea.

Kisha kaa ndani ya nyumba ikiwa tupu, siku nzima, na kipande cha chaki mkononi. Saa moja asubuhi, saa tatu, saa sita, saa tisa, saa kumi na moja jioni: kila mara chora mstari sakafuni na ukutani pale jua lilipofika, na uandike saa pembeni. Ukiweza, rudia mwezi wa Juni na mwezi wa Desemba. Mistari hiyo itakuonyesha mambo ambayo picha nzuri za kompyuta za msanifu huwa hazionyeshi. Pale ambapo chaki haijafika hata mara moja ndipo penye makao ya karatasi, nguo na rangi za maji.

Jua la Nairobi lina ukali gani? Mji wenyewe si wa baridi?

Baridi ya Julai isikudanganye. Nairobi iko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kadiri unavyopanda ndivyo hewa inavyopungua na miale ya urujuanimno (UV), isiyoonekana kwa macho, inavyozidi kupenya. Tena tuko nyuzi moja na kidogo tu kusini mwa Ikweta. Mwezi wa Juni jua la mchana hupita upande wa kaskazini, Desemba hupita kusini, na nyakati zote mbili huwa juu sana, kiasi kwamba kibaraza kifupi juu ya dirisha kinatosha kulikinga. Hatari iko mashariki na magharibi. Huko jua huingia likiwa chini, linapita chini ya kibaraza na kufika hadi ukuta wa ndani kabisa, mwaka mzima.

Madhara ya mwanga hujilimbikiza na hayarudi nyuma. Picha iliyopauka haiponi kwa kuhamishiwa kivulini. Vinavyoumia haraka ni karatasi, picha za kamera, rangi za maji, khanga na vitenge vya kale, mazulia, manyoya na ngozi. Kolaji za Rosemary Karuga, kwa mfano, zilitengenezwa kwa vipande vya karatasi za magazeti na vifungashio. Vitu vya namna hiyo havifai hata dakika moja ya jua la moja kwa moja. Rangi ya mafuta inavumilia zaidi. Jiwe, shaba na chungu cha udongo uliochomwa haviogopi mwanga.

Ukitaka kuona kwa macho yako, kata kipande cha karatasi ya rangi kali, nyekundu au zambarau, funika nusu yake kwa kadibodi nene na ukibandike ukutani unapotaka kutundika picha. Baada ya miezi miwili, ondoa kadibodi. Tofauti ya nusu mbili hizo ni jibu lako.

Je, kubandika utando wa kuzuia miale kwenye vioo kunatosha?

Kunasaidia, ila hakutoshi. Kioo cha tabaka mbili zilizounganishwa kwa plastiki katikati huzuia karibu miale yote ya urujuanimno, na utando mzuri hufanya kazi inayokaribia hiyo. Lakini mwanga tunaouona nao hupausha rangi, na joto hukausha mbao. Kwa hiyo fuata mpangilio huu: kwanza kivuli cha nje (kibaraza, pagola, mbao za mlalo), pili kioo, tatu blaindi za kitambaa chepesi unazoziteremsha jua likianza kuingia. Blaindi ya ndani peke yake huacha joto limeshaingia.

Kioo cheusi usikiweke. Unalipia mandhari kisha unaipaka giza.

Na kabla hujabadilisha kioo chochote, zungumza na uongozi wa jengo. Sura ya nje ya jengo kwa kawaida ni mali ya wote, hata kama dirisha liko sebuleni kwako.

Nina mandhari pande zote nne. Nionyeshe zote?

Kila chumba kipe mandhari moja. Upande wa kusini kuna Mbuga ya Taifa ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1946, kilomita 117 za mraba za nyika zinazoanzia pale mji unapokomea, na asubuhi iliyotakata baada ya mvua Kilimanjaro huonekana nyuma yake. Magharibi kuna milima ya Ngong. Kaskazini kuna msitu wa Karura, na siku za bahati Mlima Kenya hujitokeza alfajiri kabla mawingu hayajaufunika. Katikati ya mji kuna KICC, jumba la mikutano lililokamilika mwaka 1973, ambalo mimi ningelipa dirisha lake peke yake hata kama lingekuwa dogo.

Kaskazini na kusini ndiko pa kufungua kwa vioo vikubwa, kwa sababu niliyoeleza ya jua. Magharibi, jioni ya Ngong ni tamu lakini ndiyo inayoleta jua baya kuliko yote. Huko weka mahali pa kulia chakula au baraza, pamoja na vinyago vya mawe, wala usiweke maktaba.

Jambo lingine: mandhari haimo kwenye hati ya nyumba yako. Kagua viwanja vilivyo jirani. Nyumba ya zamani yenye bustani kubwa Kilimani au Kileleshwa leo, kesho ni shimo la msingi wa ghorofa kumi na tano. Kama uzuri wote wa sebule unategemea pengo moja kati ya majengo mawili, usitumie pesa zako zote hapo.

Kuta ni chache, vioo vingi. Picha zitakaa wapi?

Kwenye kuta zinazokutana na dirisha kwa pembe mraba, na si zile zinazolitazama ana kwa ana. Ukuta unaotazama dirisha hupokea jua lote, na kioo cha fremu hugeuka kuwa kioo cha kujitazamia: badala ya kuona mchoro unaona mawingu. Korido isiyo na dirisha, ambayo wengi huiona kama hasara, ndiyo galari bora katika nyumba ya namna hii. Ipanue kidogo, iwekee taa, uitundikie kazi za karatasi.

Unaweza pia kujenga ukuta mfupi uliosimama peke yake katikati ya sebule, usiofika kwenye kioo, ukapata pande mbili za kutundikia bila kuziba mandhari. Ukiwa wa gipsamu, sisitiza fundi atie plaiwudi ya milimita 18 nyuma ya gipsamu kuanzia kiunoni hadi juu ya kichwa. Bila hiyo, skrubu inashikilia unga tu. Kwenye ukuta wa mawe, hakikisha skrubu imepita lipu na kuingia kwenye jiwe lenyewe.

Katikati ya picha pawe kama sentimita 145 hadi 150 kutoka sakafuni. Nairobi tuna tabia ya kutundika juu mno, karibu na dari, na mgeni anabaki kutazama fremu.

Taa ziwe za namna gani?

LED, zenye CRI (kipimo cha jinsi taa inavyoonyesha rangi kwa uhalisia) ya 90 kwenda juu na mwanga wa kelvini 2,700 hadi 3,000. Namba hizo zimeandikwa kwenye boksi. Muuzaji asiyezijua, nenda duka la pili. CRI ndogo huua rangi nyekundu na rangi ya ngozi, na picha za watu huonekana wagonjwa. Taa ielekezwe kutoka darini kwa mshazari wa kama nyuzi 30, ili isilete kivuli cha fremu wala mng'ao machoni.

Majumba ya makumbusho hutumia luksi (kipimo cha ukali wa mwanga) 50 kwa karatasi na nguo, na takribani 200 kwa rangi ya mafuta. Nyumbani si lazima uwe mkali hivyo kila saa, lakini nunua kipimo kidogo cha mwanga, au tumia programu ya simu kwa makadirio, uone uko wapi. Kila kundi la taa liwe na swichi yake ya kupunguza mwanga.

Usiku kuna shida ambayo hakuna anayeifikiria hadi ahamie. Taa za darini zikiwaka zote, dirisha linageuka kioo na mji unatoweka. Unachokiona ni kochi lako na wewe umekaa juu yake. Ili taa za mji zionekane, taa za ndani ziwe chache, ziwe chini, na ziangaze ukutani, si kwenye dirisha. Fundi wa stima akishafunga waya ni vigumu kubadilisha, kwa hiyo mpeleke saiti saa mbili usiku na tochi mkononi, mjaribu kila mahali pa taa mkiwa mmekaa pale mtakapokaa.

Nimeleta kasha na kiti cha enzi kutoka Pwani. Kwa nini vinapasuka?

Kwa sababu hewa imebadilika. Mbao iliyoishi Lamu au Mombasa imezoea unyevu wa bahari. Ikifika Nairobi, hasa Januari na Februari, inatoa unyevu wake na kusinyaa kwa upana. Tazama kifuniko cha kasha kwa karibu: ni ubao mpana wa msaji uliobanwa kwa vipande vya shaba na safu za misumari. Ubao unataka kusinyaa, misumari inaukatalia, na ufa unaanzia penye msumari na kufuata nyuzi za mti.

Ufa huo usijazwe na putty. Mvua za masika zikianza mwezi wa Machi au Aprili, mbao hufyonza unyevu na ufa hujifunga wenyewe. Ukiwa umeujaza, mbao haina pa kwenda na itapasuka mahali pengine. Kinachosaidia ni kuingiza vitu polepole: vikae wiki kadhaa katika chumba chenye kivuli, vikiwa vimefunikwa shuka la pamba, mbali na dirisha, na mbali na kiyoyozi au mahali pa moto. Weka kipimo cha unyevu chumbani. Kinachotakiwa ni unyevu usiopanda na kushuka ghafla.

Halafu vilinde vitu vyako na fundi mwenye vanishi. Mafundi wetu wengi ni hodari, lakini wakiona kitu cha kale kimefifia watataka kukipiga msasa na kukipaka kitu cha kung'aa. Rangi ile iliyokolea kwa mikono ya vizazi ikiondoka haitengenezwi tena. Shaba nayo isisuguliwe hadi iwe kama ya dukani. Kitambaa kikavu na laini kinatosha.

Ukikuta unga mwembamba chini ya kiti asubuhi, kuna wadudu wa mbao ndani. Kitenganishe kiti hicho siku hiyo hiyo, kikae mbali na mbao nyingine, na uite mtu anayejua kutibu vitu vya kale. Dawa ya kupulizia ya dukani huacha madoa.

Naweza kutumia mlango wa Lamu kama mlango wa kawaida ndani ya nyumba?

Unaweza, kwa sharti moja: nafasi ya ukutani ikatwe ilingane na mlango, mlango usikatwe ulingane na nafasi. Fremu, nguzo ya kati na kizingiti chake vikae pamoja. Uzito wake ubebwe na fremu yake yenyewe juu ya sakafu imara, na bawaba za kisasa zisipigiliwe juu ya nakshi. Kwa nyumba nyingi ningeshauri usimame tu ukutani ukiwa umefungwa, wenye taa ya pembeni inayoonyesha kina cha mchongo.

Na kigango? Nimeuzwa kimoja, kinapendeza sana pale mlangoni.

Hapana. Hapa sina jibu la kati. Vigango ni nguzo za mbao zilizochongwa zinazosimamishwa na Wamijikenda, hasa Wagiriama, kwa ajili ya wazee wao waliofariki wa chama cha Gohu. Ni makao ya roho ya mtu mwenye jina, mwenye watoto na wajukuu wanaojua pale kilipong'olewa. Kikishasimamishwa hakiondolewi, kinaachwa kioze mahali pake. Vingi viliibwa usiku na kuuzwa kwa watalii na wakusanyaji wa ng'ambo kama sanaa. Mwaka 2007 viwili vilirudishwa kutoka Marekani kwa familia iliyoibiwa, na mwaka 2019 vingine 30 vikarudi kutoka jumba la makumbusho la Denver. Kama watu wa Denver wamekubali kuvirudisha, sisi wa Nairobi hatuna kisingizio cha kuvisimamisha karibu na lifti. Kama tayari unacho, wasiliana na Makavazi ya Kitaifa ya Kenya (National Museums of Kenya).

Kwa kitu kingine chochote cha kale, muulize muuzaji maswali matatu: kilitoka wapi, kwa nani, na maandishi yako wapi. Kuuza vitu vya kale kunahitaji leseni. Muuzaji anayekasirishwa na maswali hayo amekujibu.

Kiti changu kina vipande vyeupe vilivyopachikwa. Kama ni pembe za ndovu?

Viti vya enzi vilipambwa kwa mfupa au kwa pembe, na kwa macho ni rahisi kukosea. Chini ya Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013, kuwa na pembe za ndovu bila kibali ni kosa kubwa, na urithi wa babu si kinga. Hii ni nchi iliyochoma tani 105 za pembe mwaka 2016. Lipeleke swali hilo Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, kabla kiti hakijaingia ndani.

Sakafu itabeba sanamu ya jiwe?

Muulize mhandisi wa miundo aliyesajiliwa. Sakafu za makazi kwa kawaida hukadiriwa kubeba takribani kilo 150 kwa kila mita mraba. Sanamu ya kilo 600 yenye kitako kidogo inavuka kiwango hicho mbali sana. Mhandisi anaweza kuisogeza karibu na nguzo au juu ya boriti, au kuagiza jukwaa pana la kusambaza uzito. Hesabu pia udongo wa bustani ya juu: ukiloa maji ni mzito kuliko watu wanavyodhani.

Vitu vikubwa vitapandaje?

Pima lifti: mlango wake, kina, urefu, na mshazari kutoka pembe hadi pembe. Pima kona za ngazi. Fanya hivyo kabla ya kununua.

Ni hatari gani kubwa kuliko zote kwenye ghorofa ya mwisho?

Maji. Watu huogopa wezi na moto, na ni sawa, lakini kinachoharibu mikusanyo ya sanaa kwenye majengo yetu mara nyingi kiko juu ya dari: matanki. Maji ya mfereji huja kwa zamu, kwa hiyo kila jengo lina matanki juu ya paa, na chini yake ndiko wewe unakoishi. Boya likikwama usiku wakati pampu inasukuma, tangi linafurika, bomba la maji ya ziada limezibwa na majani, na maji yanatafuta ufa kwenye slabu.

Panda paani mwenyewe pamoja na msimamizi wa jengo. Tazama matanki yako juu ya chumba gani. Tazama mifereji ya mvua, na uone kama tabaka la kuzuia maji limeanza kuvimba au kupasuka kwenye pembe. Fundi wa paa afunike mifereji na kumwaga maji, yatuame siku mbili, wakati wewe unatazama dari chini. Kazi hii imalizike kabla ya mvua za Machi, au kabla ya zile fupi za Oktoba, na kabla ya gipsamu yoyote kufungwa. Mwishowe, usitundike kitu cha thamani chini ya bomba wala chini ya tangi, na uombe kwa maandishi paa likaguliwe kila mwaka.

Stima ikipotea na kurudi kwa kishindo?

Weka kinga ya mshtuko wa umeme kwenye ubao mkuu, na betri inayoshikilia kamera, kengele na vihisi vya moshi. Taa za sanaa zinaweza kusubiri.

Vibali gani vinahitajika?

Ukipaka rangi na kubadilisha taa, ruhusa ya uongozi wa jengo kwa kawaida inatosha. Ukigusa ukuta unaobeba jengo, ukipanua hadi paani au ukifungua slabu, unahitaji idhini ya Kaunti ya Jiji la Nairobi, michoro ya msanifu na mhandisi waliosajiliwa, na kontrakta aliyesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, NCA. Soma pia hati yako kwa jicho la Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya mwaka 2020: paa unaloliita lako huenda ni mali ya wamiliki wote, na wewe una haki ya kulitumia tu.

Mwambie jirani wa chini mapema siku za kubomoa.

Sijui sana kuhusu maonyesho. Nikajifunze wapi?

Nenda Nairobi Gallery, jengo la mwaka 1913 lililokuwa ofisi ya mkuu wa mkoa, ukaone mkusanyo wa Joseph Murumbi, Makamu wa Rais wa pili wa Kenya. Sehemu nyingine ya mkusanyo wake iko kwenye jengo la Nyaraka za Taifa, Moi Avenue. Tazama jinsi vito, nguo na samani vinavyokaa karibu karibu bila kusongana. African Heritage House, kule Mlolongo, inaitazama mbuga, na itakufunza mengi kuhusu kuishi na vitu vya kale mbele ya dirisha. Kwa kazi za sasa, tembelea Nairobi Contemporary Art Institute. Na unaponunua kwa msanii aliye hai, muulize yeye mwenyewe kazi yake itundikwe wapi na isafishwe vipi, uandike majibu.

Bima ya nyumba inatosha?

Mara nyingi haitoshi. Vitu vya sanaa viorodheshwe kimoja kimoja, vikiwa na picha, vipimo na thamani iliyokadiriwa na mtaalamu. Muulize wakala waziwazi kama maji kutoka ghorofani yamo, na kama vitu vimekingwa wakati wa ukarabati na usafirishaji. Kipindi cha ujenzi kina hatari kubwa zaidi: vipeleke nje ya nyumba hadi vumbi la mwisho litulie.

Nikihamia nje ya nchi, naweza kuondoka na vitu vyangu?

Sanaa ya sasa, kwa ujumla, ndiyo, ukiwa na stakabadhi. Vya kale ni habari nyingine. Sheria ya Makavazi na Turathi za Kitaifa ya mwaka 2006 inahesabu kama cha kale kitu kilichotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya mwaka 1895, na inataja kwa jina milango na fremu zilizochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya mwaka 1946 kuwa vitu vinavyolindwa. Vyote hivyo haviondoki bila kibali cha kuvitoa nchini. Mlango wa Lamu ulioujengea ukuta mzima unaweza kulazimika kubaki, kwa hiyo ulizia Makavazi ya Kitaifa kabla ya kuujenga, na kama utahama, omba kibali kabla hujawaita watu wa kufunga mizigo.